Upande wa Pili wa Santuri

Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilikuwa na pande mbili, na mwenye bendi alilazimika kuzijaza zote. Upande wa kwanza ulikwenda kwa wimbo uliompeleka studio: ule alioufanyia mazoezi mpaka majirani wakaujua, ule ambao mwenye duka wa River Road, Nairobi, aliusikia akakubali kuuuza. Upande wa pili ulikuwa wazi. Hapo bendi iliweka wimbo wa ziada, na mnunuzi akaupata bila kuongeza hata senti. Sisi tuliokulia Thika na Ruiru miaka ya 1970 na 1980 tulizijua nyimbo hizo za ziada neno kwa neno. Leo zile za upande wa kwanza bado zinapigwa redioni Jumapili mchana, watangazaji wakizisifu. Za upande wa pili nyingi hazisikiki popote. Naandika kwa ajili ya hizo.

Thika ya wakati huo iliishi kwa zamu za viwanda. Kulikuwa na nanasi, nguo, ngozi na mikebe, na tangu katikati ya miaka ya 1970 malori ya Leyland yaliunganishwa papo hapo mjini. Mishahara ilipotoka, mitaa ya Makongeni na Majengo ilibadilika sauti. Ungetembea kutoka plot moja hadi nyingine ukisikia gita likikupokea mlangoni na jingine likikusindikiza. Kwenye mabaa yenye jukibox, shilingi iliingia tunduni na mtu akabonyeza herufi na namba. Kila santuri ilikuwa na vibonyezo viwili, kimoja kwa kila upande, na wapo waliotoa shilingi yao kusikiliza upande wa pili tu. Ruiru, katikati ya safari ya kwenda Nairobi, ilikuwa stesheni na maduka machache, kahawa na mkonge vikiizunguka. Watu walitoka huko kwa basi kufuata santuri Thika au jijini. Sensa ya 2019 iliikuta Ruiru na watu 490,120, karibu mara mbili ya Thika iliyokuwa na 251,407. Pale palipokuwa na mashamba sasa pana ghorofa, na ndani ya ghorofa hizo wamo wajukuu wa watu waliocheza muziki ninaousema, wengi wao hawajawahi kuusikia.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo. Alipanga chumba Makongeni, na mali yake ya thamani ilikuwa mashine ya santuri ya kutumia betri, yenye kifuniko kilichokuwa pia spika. Kila mwisho wa mwezi alinunua santuri. Hakusoma gazeti wala hakuzungumza siasa mbele ya watoto, lakini juu ya santuri alikuwa na sheria. Sahani hairudi kwenye jalada kabla ya kugeuzwa. Mtu akiharakisha kuitoa, mjomba aliuzuia mkono wake: “Geuza kwanza, mwanangu. Huyu mtu alilipia pande mbili.” Alimaanisha mwanamuziki, na alikuwa amesema kweli, kwa maana saa za studio zililipiwa na mwenyewe.

Upande wa pili ulikuwa wa aina mbili. Aina ya kwanza ilikuwa Sehemu ya Pili ya wimbo uleule. Upande mmoja haukuweza kubeba zaidi ya dakika nne au tano, na muziki wa benga haumalizi shughuli yake kwa muda huo. Mwimbaji akishasema yake, magita huachiwa uwanja: la solo linapanda, la pili linalijibu, besi inaruka kama mtu aliyeitwa. Hapo ndipo watu husimama kucheza. Katika santuri nyingi mahali hapo ndipo upande wa kwanza ulipokatwa. Sauti ilififia taratibu, sindano ikaingia kwenye mfereji wa mwisho, na mtu akanyanyuka kugeuza ili muziki uendelee. Anayeujua wimbo wa namna hiyo kupitia redio tu ameujua nusu, na mara nyingi ile nusu ya maneno. Nusu ya miguu ilikuwa nyuma.

Aina ya pili ndiyo niliyoipenda zaidi: wimbo mwingine kabisa. Studio za Nairobi zilikodiwa kwa saa. Bendi iliingia, ikarekodi wimbo wake mkuu mara kadhaa mpaka fundi wa mitambo ya sauti akaridhika, kisha ikatazama saa. Muda uliobaki ndio uliokuwa wa wimbo wa ziada, na mara nyingi ulitosha kuupiga mara moja au mbili tu. Kwa hiyo makosa madogo yamo humo. Utamsikia mpiga gita akiingia mapema, utamsikia mtu akicheka mwishoni. Lakini pia mkono umelegea, hofu imekwisha, na bendi inacheza kama inavyocheza nyumbani. Huko nyuma ndiko nilikosikia mwimbaji wa sauti ya pili akipewa wimbo mzima. Huko ndiko kulikuwa na nyimbo za polepole ambazo hakuna mwenye duka angezitia dirishani, nyimbo za kumlilia rafiki aliyefariki, nyimbo za kumsema chifu bila kumtaja. Upande wa kwanza ulitafuta wanunuzi. Wa pili ulizungumza na watu walewale waliokwisha kununua, nao ulizungumza kwa uhuru zaidi.

Nikisema bendi hizi zilikuwa za kujitegemea, simaanishi kwa kupamba. Tazama Gatanga, vilima vilivyo nyuma ya Thika, leo ndani ya Kaunti ya Murang’a. Kutoka huko alikuja Daniel Kamau, anayejulikana kama DK, aliyeanza kutoa santuri mwaka 1967 akiwa bado shuleni, na ambaye katika miaka ya 1970 aliileta nguvu ya benga ndani ya muziki wa Kikuyu. Mwenzake Joseph Kamaru, mzaliwa wa Kangema mwaka 1939, hakuishia kuimba; alifungua duka lake la muziki Nairobi, City Sounds, akawa mtunzi, mwimbaji na muuzaji wa kazi yake mwenyewe. Dada yake, Catherine Muthoni, aliimba naye katika nyimbo nyingi za mwanzo. Watu kama hawa walilipia studio wenyewe, wakapeleka kanda kiwandani Nairobi kuchapwa santuri, wakabeba maboksi kwa basi hadi Thika, Murang’a na Nyeri. Wakati uleule huko Uingereza lebo ndogo kama Rough Trade, iliyoanza kutoa santuri mwaka 1978, zilipewa sifa kubwa kwa kuwaondoa vijana wa roki mikononi mwa makampuni makubwa. River Road ilikuwa imekwisha kuijua njia hiyo, nayo haikungoja jina kutoka kwa mtu.

Ulimwengu wa nje nao una visa vyake vya upande wa pili. “I Will Survive” ya Gloria Gaynor ilitoka mwaka 1978 ikiwa nyuma ya wimbo mwingine uliopewa kipaumbele, mpaka wachezeshaji wa disko wakaigeuza santuri. Bendi ya roki The Smiths, ya Manchester, iliuweka wimbo “How Soon Is Now?” nyuma ya santuri yake mwaka 1984, na leo ni miongoni mwa nyimbo zake zinazojulikana zaidi. Japani, santuri za CD zilizotengenezwa humo zilikuwa ghali kuliko zile zilizoagizwa kutoka ng’ambo, kwa hiyo makampuni yakaongeza nyimbo za ziada ili Mjapani anunue ya nyumbani. Wapenzi wa roki ulimwenguni kote wakaanza kuagiza nakala za Tokyo kwa ajili ya wimbo mmoja au mbili. Tofauti na kwetu ni kwamba wao walizihifadhi. Oasis walikusanya nyimbo zao za upande wa pili wakazitoa kama albamu kamili, The Masterplan, mwaka 1998. Kuna orodha, kuna tarehe, kuna majina ya wapigaji. Mtoto wa Manchester akitaka wimbo wa ziada uliotoka kabla ya kuzaliwa kwake, anaupata jioni hiyohiyo.

Kwetu kanda ndiyo iliyoanza kutupunguzia. Sisemi hivyo kwa chuki, kwa sababu kanda iliufikisha muziki vijijini ambako mashine ya santuri haikufika. Redio kaseti ilikuwa nyepesi, haikurukaruka ndani ya gari, na kanda tupu ya dakika 60 ilimeza nyimbo za santuri nyingi. Thika ilipata maduka ya kurekodi. Ulipeleka karatasi iliyochanwa daftarini, umeandika nyimbo unazozitaka, ukarudi kesho yake kuchukua kanda yako. Na hapo orodha ndiyo iliyotawala. Nani aliandika Sehemu ya Pili kwenye karatasi yake? Kila mtu aliandika nyimbo zilizovuma. Nafasi ilipobaki mwishoni mwa kanda, mwenye duka alijazia alichokuwa nacho mkononi, na mara moja moja kilikuwa upande wa pili wa santuri iliyokuwa tayari kwenye mashine. Nyimbo kadhaa ninazozikumbuka zilinusurika kwa bahati hiyo, zikikatika katikati pale mkanda ulipokwisha.

Kanda za kunakili ziliua mauzo ya santuri. Msanii aliyezoea kurudishiwa gharama zake na maboksi aliyobeba mwenyewe akakuta wimbo wake ukiuzwa kila kituo cha basi bila yeye kujua. Chama cha hakimiliki za muziki, MCSK, kiliundwa mwaka 1983, lakini mbio za wanakili zilikuwa kali kuliko za wakusanyaji wa mirabaha. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 makampuni makubwa ya kimataifa yalikuwa yameondoka Nairobi na uchapaji wa santuri ukakoma. Kilichopotea hapo hakikuwa mashine pekee. Kanda mama nyingi, zile zilizorekodiwa studio, hazikupata mtu wa kuzitunza. Zilifutwa, zilioza, zilitupwa maghala yalipohamishwa. Kuanzia hapo, wimbo wa upande wa pili uliishi ndani ya santuri zilizokuwa majumbani mwa watu tu.

Na majumbani tulifanya nini? Mashine zilipoharibika, sindano hazikupatikana tena. Santuri zikawekwa juu ya kabati, kisha chini ya kitanda, kisha kwenye stoo ya mahindi. Jua la dirishani lilizipinda. Watoto walizirusha uwanjani. Mjomba alipostaafu na kurudi shambani, za kwake zilikaa ndani ya gunia pamoja na vyuma vya baiskeli, na alipofariki waliokuja kununua skrepu walichukua mashine, na gunia nalo likaenda. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya. Hakuna aliyedhani kwamba kilichomo ndani hakipo mahali pengine.

Redio za lugha za nyumbani zilipokuja, Kameme mwaka 2000 na Inooro mwaka 2003, nilidhani zitatufidia. Zilitufidia kwa sehemu. Ghafla Kamaru na DK wakasikika tena kila siku, na mtu wa matatu ya Ruiru akaimba pamoja nao. Lakini redio ilichukua kutoka kwenye kanda, na kanda ilikuwa imekwisha kuchagua. Nyimbo zilezile, kwa mpangilio uleule, zikawa ndizo “za zamani”. Mtangazaji kijana hawezi kupiga ambacho maktaba yake haina.

Mugithi wa gita moja, uliojaza mabaa ya Thika na Barabara ya Thika kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, ulifanya kazi hiyohiyo kwa namna yake. Mtu mmoja, gita moja, mashine ya mdundo, na watu wamepanga mstari wakishikana mabega. Mike Rua na wenzake waliurudisha muziki wa wazee kwa kizazi ambacho kingeusahau kabisa, na kwa hilo nawashukuru kwa dhati. Lakini mugithi unaunganisha nyimbo: ubeti mmoja wa huu, kiitikio cha ule, na mstari hausimami. Wimbo usiotambulika kwa sekunde chache za mwanzo hauwezi kuingia, na wa upande wa pili ndio usiotambulika. Yale majibizano marefu ya magita hayakupata nafasi pia, maana gita lilikuwa moja.

Halafu barabara. Tulikuwa na njia nyembamba yenye vibanda kandokando, na katika vibanda hivyo, Githurai, Ruiru, Juja hadi Thika, kanda zilining’inia kama nguo. Upanuzi ulioanza 2009 uliviondoa vibanda vingi vya kando ya barabara. Rais Kibaki alipoifungua barabara kuu mpya mnamo Novemba 2012, safari ya Thika hadi Nairobi ilifupika, na sitaki kuirudisha foleni ya zamani kwa ajili ya muziki wowote. Ninachokisikitikia ni maboksi ya kanda yaliyoondolewa pamoja na mbao na mabati. Wenye vibanda walijua mambo. Ungemwimbia mmoja wao mstari ulioukumbuka vibaya, akakuambia nani aliimba, nani alipiga solo, na kilichokuwa upande wa pili. Wengi hawakurudi kwenye biashara hiyo. Wakauza laini za simu, viatu, au wakarudi kulima.

John De’Mathew alikuwa wa kizazi cha kanda. Yeye pia alitoka Gatanga, akatunga nyimbo nyingi ajabu, akawa mwenyekiti wa Tamco, sacco ya wanamuziki iliyokuwa na lengo la kuwapa wenzake mahali pa kusimama. Alifariki kwa ajali ya barabarani hapa Thika, karibu na hoteli ya Blue Post, usiku wa tarehe 18 Agosti 2019. Siku zile mji wote uliimba nyimbo zake, na nilisimama mahali zaidi ya pamoja kusikiliza. Nilichokisikia kilikuwa sehemu ndogo ya kazi yake. Nyimbo za mwisho wa kanda, zile za kujazia, zile za kumshauri kijana fulani wa kijijini, hazikuwemo. Kanda zake zilitoka juzi tu ukilinganisha na santuri za Kamaru, na tayari chujio lilikuwa limeanza kazi.

Nenda leo katika maduka ya Thika yanayojaza muziki kwenye flashi. Kijana anaunganisha, anabonyeza, na kabla hujahesabu chenji yako una mamia ya nyimbo. Fungua uone majina: Track 07, Track 08, Mugithi Mix. Hakuna mtunzi, hakuna mwaka, hakuna bendi. Kibandiko cha santuri, kile cha karatasi pale katikati, kilikuwa na jina la wimbo, la mtunzi, la bendi na namba ya santuri, kwa kila upande. Ilikuwa hati ndogo ya umiliki. Mjane au mtoto wa msanii angeweza kuinyanyua na kusema, hili ni letu. Kwa Track 07 atanyanyua nini? Nayo simu inachukua kipande cha wimbo kinachosikika mpaka mtu apokee, na wasanii wetu wengi sasa hutunga wakikifikiria kipande hicho, kwa sababu ndicho kinachowaletea shilingi. Siwalaumu. Wimbo wenye pande mbili ulihitaji msikilizaji aliyekuwa tayari kunyanyuka na kugeuza.

Baadhi ya nyimbo zimeanza kurudi, na njia zinazopitia zinanifurahisha na kuniuma pamoja. Mwaka 2010 Ketebul Music, chini ya Tabu Osusa, walitoa mkusanyiko wa historia ya muziki wa Kikuyu, wenye kitabu, sauti na picha, baada ya kufanya vivyo hivyo kwa benga mwaka 2008. Kazi hiyo ilifanywa Nairobi na watu wa hapa, na ilistahili kuwa ndani ya kila shule ya Kiambu na Murang’a. Mwaka 2013 lebo ya Soundway ya Uingereza ikatoa Kenya Special, nyimbo 32 za miaka ya 1970 na 1980, nyingi zikiwa zimetolewa kwenye santuri ndogo zilizochapwa chache na kusahaulika. Wasikilizaji wa London walicheza nyimbo ambazo Makongeni ilikuwa imezipoteza. Wanunuzi wa ng’ambo wanajua thamani ya santuri zetu, na wengine huja wenyewe hadi Kenyatta Market, Nairobi, ambako Jimmy Rugami ameendelea kuuza na kutunza santuri wakati wengine wote walipokwisha kuacha. Santuri ikipita pale inapata mtu anayeijua. Nyingi hazipiti pale. Zinaondoka kwa gunia, kwa bei ya gunia.

Kinachonipa moyo zaidi kimetoka ndani ya nyumba ya Kamaru mwenyewe. Mjukuu wake, Joseph Kamaru, anayejulikana kama KMRU, ni mwanamuziki wa sauti za kielektroniki anayeishi Berlin. Albamu yake Peel ya mwaka 2020 ilimpa jina kubwa katika muziki wa aina hiyo. Babu alifariki tarehe 3 Oktoba 2018. Mjukuu akaanza kuzitoa upya nyimbo za babu mtandaoni, moja baada ya nyingine, kwa jina la mtunzi na mwaka. Anazitoa zile zilizovuma pamoja na zile ambazo hazikuvuma. Nilisikiliza nikiwa Ruiru, usiku, kwa simu, na nikapata nilichokuwa nimekikosa kwa miaka: wimbo ukiisha kwa mwisho wake halisi. Familia ngapi za wanamuziki zina mjukuu kama huyo? Gatanga peke yake ina nyumba nyingi zenye jina kubwa na hakuna hata kanda moja sebuleni.

Ninawafikiria pia vijana wa roki, kwa sababu yao ni hadithi hiyohiyo inayoanza upya. Redio X FM ilipokuwa hewani kwenye 105.5 ilizaa wasikilizaji wengi wa roki kando ya barabara hii, hasa wanafunzi wa Juja, na bendi za Nairobi kama Murfy’s fLaw na Parking Lot Grass ziliwaonyesha kwamba Mkenya anaweza kupiga gita hilo bila kuomba ruhusa. Mpwa wangu anapiga besi katika bendi ya namna hiyo. Wanarekodi chumbani kwa mmoja wao, huko Kimbo, magodoro yakiwa yamesimamishwa ukutani. Wana nyimbo zao kuu, na wana za ziada wanazozitoa baadaye kwa wale wanaowafuata kwa dhati. Nimezisikia. Zile za ziada ndizo zenye Ruiru ndani yake: maji yaliyokatika, nyumba ya kupanga, mama anayesubiri Thika. Zimehifadhiwa wapi? Kwenye kompyuta moja, na mtandaoni kupitia kampuni ya kusambaza muziki. Baadhi ya kampuni hizo hutoza ada kila mwaka, na msanii asipolipa nyimbo zake huondolewa. Santuri ya mjomba iliyosahauliwa ndani ya gunia ilidumu miaka thelathini bila kulipiwa chochote. Wimbo wa mpwa wangu unaweza kutoweka kwa sababu ya kadi ya benki iliyokwisha muda.

Kwa hiyo nina maneno kwa watu wa aina mbili. Enyi vijana wa bendi za Ruiru, Juja na Thika: kila wimbo mnaoumaliza, hata ule mnaouona mdogo, wekeni nakala mahali zaidi ya pamoja, na andikeni ndani ya faili jina la mtunzi, la kila mpigaji, tarehe na mahali. Sajilini kazi zenu kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya mkiwa bado mnapatana.

Na wewe mwenye santuri, au ambaye guka au cucu wako, yaani babu au bibi, aliacha santuri: zitoe stoo leo. Zisimamishe wima, usizilaze moja juu ya nyingine, na uziweke mbali na dirisha. Piga picha kibandiko cha kila upande, hata kama kimechanika. Muulize mzee aliye hai ni nani waliopiga, uandike majina hayo kabla hajaondoka nayo. Mtafute mwenye mashine inayozunguka, arekodi upande wa kwanza na wa pili mpaka mwisho wa mfereji, na nakala uipelekee familia ya msanii, kwa kuwa ni yao. Akija mtu na gunia na bei nzuri kabla hujafanya hivyo, mwambie arudi mwezi ujao.